Upande wa Jiko

9 Januari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu simu umenikatia mara mbili wiki hii, na barua haina kitufe cha kukatia. Utaisoma mpaka mwisho au utaichana, na hata ukiichana utaviokota vipande uviunganishe. Nakujua tangu ulipokuwa hufiki kwenye kitasa cha mlango.

Mama alianguka juzi. Sisemi alijikwaa. Alianguka, saa tisa alasiri, chumbani, ndani ya nyumba uliyoichora wewe. Jirani wa ng'ambo ya barabara, yule Mama Pacha, alikuja kuchukua gauni lake akamkuta kalala chali chini ya cherehani kama fundi gari. Tukamkimbiza zahanati. Muuguzi alipomshika mkono akadhani ni homa. Akamwekea kipimo, homa hana. Akaniuliza, "Mama alikuwa wapi?" Nikasema nyumbani. Akasema, "Nyumbani wapi, kwenye tanuri la kuchomea matofali?"

Nilitamani kumjibu kwamba hilo tanuri ni la msomi, lina michoro na muhuri.

Sasa nisikilize. Mimi sikusoma usanifu, nilisoma tofali. Nimejenga nyumba mbaya nyingi katika maisha yangu, zingine nikipita njiani nageuza uso. Lakini hakuna hata moja iliyomwangusha mwenye nyumba. Tulipohamishwa kule mtaa wa zamani kupisha barabara kuu, tuliambiwa tunakwenda kwenye nyumba zinazopumua. Zinapumua kweli. Zinapumua moto. Safu yetu yote, nyumba kumi na nne, imeshapewa jina: Upande wa Jiko. Mtu akiulizwa anakaa wapi anajibu bila aibu, "Jiko, nyumba ya nne."

Nimemwambia Mama ahamie kwangu. Chumba cha mbele nimekitoa mifuko ya saruji, wifi yako ameshatandika kitanda. Unajua kanijibu nini? "Nyumba kaichora mwanangu, nitoke niende wapi? Watu waseme nini?" Anamwambia hivyo kila mteja, hata aliyekuja kupunguza suruali tu. Anajianika mle ndani kwa heshima yako.

Ninachotaka ni kimoja. Mwandikie. Mwambie kwa mkono wako kwamba nyumba ni mbovu, atoke. Mimi hanisikilizi, mimi ni yule aliyefeli hesabu. Wewe ukimwambia atatoka hata bila viatu.

Kaka yako


17 Januari

Shikamoo kaka,

Hiyo shikamoo ni ya adabu. Usiichukulie kwamba nimepoa.

Simu sikuikata. Nilikata kelele. Mtu akinipigia akaanza na "wewe na vyeti vyako," namaliza mazungumzo palepale, awe kaka yangu, awe mkurugenzi wangu.

Mama nimeongea naye. Anasema hakuanguka, alikuwa chini anatafuta sindano. Nikamuuliza, "Chali, Mama?" Akasema wewe siku zote unakuza mambo, halafu akaanza kuniuliza kama nakula. Ndiyo maana sijui nimwamini nani.

Siwezi kumwandikia kwamba nyumba ni mbovu kwa sababu si mbovu. Eneo hilo lilipokuwa majani matupu niliweka nguzo yenye kipima upepo, ikakaa mwaka mzima. Najua upepo wa huko unatoka wapi, mwezi gani, saa ngapi. Ule ukuta wa matofali ya matundu unaupokea, chumba kinaupitisha, joto linatokea juu kwenye mwanya chini ya kenchi za paa. Nyuma kuna ukuta mnene wa udongo wa kushindilia, hauna hata tundu la sisimizi. Kazi yake ni moja, kulikinga jua la alasiri lisiingie ndani. Nilipima hayo yote kabla sijachora mstari mmoja. Nyumba ya hivyo haigeuki kuwa tanuri mpaka mtu aifanye tanuri.

Basi niambieni mmefanya nini. Mmeziba matundu kwa matambara? Mmekata upenu mpate pa kuweka pikipiki? Nawajua. Mnapewa nyumba yenye pua, mnaiziba pua, halafu mnaniandikia kwamba imekosa pumzi.

Na ujue saa hizi kuna nini huku. Malalamiko ya safu yenu yamefika ofisini. Tarehe tatu Machi wakubwa wa mradi wanakuja kufanya mkutano na wakazi kuamua awamu ya pili, nyumba mia mbili. Yupo bwana wa meza ya pili ambaye ameshachora masanduku ya zege na bati, dirisha moja dogo kama la kukatia tiketi. Jana alikuja na kikombe chake cha chai mezani kwangu akanipa pole. Pole ya nini, sijafiwa!

Nijibu swali moja tu. Saa tisa alasiri, jua linapiga ukuta upi?

Mdogo wako


26 Januari

Mdogo wangu,

Ndiyo, kuna matambara. Umeshinda, jipigie makofi. Mama ameziba matundu kwa magazeti na mabaki ya vitambaa, nyumba kwa nje inaonekana kama imejikata ikinyoa ndevu. Sasa uliza kwa nini ameziba. Kwa sababu jua linapita humo linamwagika sakafuni kama maji kwenye chujio. Saa tisa anashona akiwa na madoa ya jua mwili mzima kama chui. Akiziba anakosa hewa, asipoziba anaungua. Hayo ndiyo machaguo mliyompa, wewe na nguzo yako.

Unaniuliza jua linapiga wapi. Linapiga kila mahali. Ni jua.

Na mimi nina maswali. Umekuja huku mara ngapi? Mara moja, kwenye majani, ukapigwa picha na nguzo. Tulipochimba msingi hukuwepo. Tulipopaua hukuwepo. Siku ya uzinduzi alikuja mkubwa wenu akakata utepe, akalisifu baraza la Mama Pacha dakika ishirini, akarudi kwenye gari lenye kiyoyozi. Wewe ulituma salamu. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Kofia Ngumu kwa sababu kofia ya kazi haitoi kichwani hata akiwa anakula, ndiye tuliyekuwa tunamuuliza mambo yako, na yeye akiulizwa chochote anajibu, "Fuateni mchoro." Mchoro hauongei, mdogo wangu.

Jumanne Mama alipata tena kizunguzungu. Safari hii hakuanguka, alishona kidole. Sindano ilipita kwenye kucha ikatokea upande wa pili, na yeye akamalizia pindo kwanza ndipo akaniita. Muuguzi amesema akiendelea kukaa mle alasiri, siku moja ataletwa akiwa haongei. Hayo ni maneno ya muuguzi, sikuongeza chumvi.

Acha kuitetea nyumba. Mtoe Mama.

Kaka yako


1 Februari

Wewe binti,

Nasikia mnaandikiana. Mnaandikiana kuhusu mimi kama mimi ni bomba limepasuka, mnajadili nani aje na spana. Barua yako kaka yako aliisahau mfukoni mwa suruali aliyoniletea nimtilie zipu. Nimeisoma yote. Mwandiko wako umeharibika.

Mimi siumwi. Kidole ni kidole tu, ninavyo vingine.

Unataka habari za nyumba, nakupa. Sakafu haipasuki. Mlango unafunga vizuri. Baraza ni pana, meza ya kukatia inaingia na kiti cha mteja. Mimi na Mama Pacha tunatazamana mlango kwa mlango, nikitoka asubuhi na yeye katoka, tunasalimiana kutoka baraza hadi baraza gari zikipungua. Ni mtu mzuri ila ana kiburi cha baridi. Kwake upepo unaingia mpaka mchana anajifunika shuka. Juzi mimi najipepea na kifuniko cha sufuria, yeye kavuka barabara kuja kuniuliza kama nina sweta la ziada. Nilimtazama mpaka akarudi mwenyewe.

Joto lipo. Sitoki. Nyumba ni yangu na joto ni langu, na sababu ni yangu vilevile, kwa hiyo usiniulize, na umwambie kaka yako aache kuniletea mifuko mitupu akisema ni ya kufungia nguo.

Kula.

Mama yako


8 Februari

Kaka,

Leo sina shikamoo.

Mama Pacha anaomba sweta. Nilisoma maneno hayo nimesimama, ikabidi nikae. Nyumba ileile, tofali zilezile, barabara moja katikati, huyu anaomba sweta na yule anaokotwa sakafuni. Halafu Mama, bila kujua anachosema, kaniandikia: "tunatazamana mlango kwa mlango."

Nyumba zangu hazitazamani! Nilichora ishirini na nane, na zote ishirini na nane zinatazama mawio, kama watu kwenye foleni, kila mmoja anaona kisogo cha aliye mbele yake. Za upande wa Mama Pacha zinatazama mawio na barabara kwa pamoja, ilitokea tu hivyo. Za upande wa Mama zilitakiwa kuipa barabara mgongo. Mgongo, kaka! Ule ukuta mnene ulitakiwa uwe barabarani, machweo, upigwe na jua peke yake alasiri nzima. Matundu yalitakiwa yawe kule nyuma, unakotoka upepo.

Mmezigeuza. Kumi na nne nzima. Jua mmelifungulia mlango, upepo mmeujengea ukuta. Hata ningeombwa nichore tanuri kwa makusudi nisingechora zuri kama hilo.

Hapa ofisini kuna picha kubwa ya mradi ukutani. Nimepita mbele yake kila siku kwa mwaka mzima nikijisifu. Leo nimeitazama vizuri. Ni upande wa Mama Pacha tu. Aliyepiga alisimama mlangoni kwa Mama.

Nani alipiga kamba za msingi? Usihangaike kujibu, daftari la kazi nimelitoa kabatini. Fundi mkuu ni wewe. Wewe ndiye uliyesimama pale na vigingi na nyundo ukaamua mlango uwe wapi. Nilikuuliza jua linapiga wapi, ukaniambia "ni jua." Ulikuwa unajua. Mwezi mzima unanitukana kwa kazi ya mikono yako, na Mama anaungua.

Nataka kujua kwa nini. Usinizungushe.

Mdogo wako


15 Februari

Mdogo wangu,

Ndiyo, niligeuza.

Sasa kaa nikuambie ilivyokuwa, kisha ukasirike ukiwa na habari kamili.

Mlituletea karatasi moja kubwa. Kitabu chako cha kurasa sitini, kile chenye habari za upepo na nguzo, kilibaki kwenye kabati la Kofia Ngumu, na ninaapa hata yeye alikitumia kuwekea kikombe. Sisi tulipewa karatasi. Kwenye karatasi kulikuwa na nyumba, na chini yake ukaandika kwa herufi kubwa MBELE, na mshale. Hukuandika upepo. Hukuandika jua. Uliandika MBELE.

Mshale ulielekea mawio. Barabara iko machweo. Mafundi wakakusanyika kuangalia. Mmoja akasema, "Huyu dada yako mbona kachora nyumba imenuna?" Mwingine akasema labda ulishika karatasi kichwa chini. Wa tatu, yule mpaka rangi mwenye mdomo, akasema, "Huko chuoni walimfundisha kuchora choo, mbele ndo nyuma." Wakacheka mpaka mmoja akakalia ndoo ya udongo. Walikuwa wanakucheka wewe. Mbele ya nyumba anaijua hata asiyejua kusoma, ni pale mgeni anapotokea. Nikaona kwa mbali Kofia Ngumu anakuja. Nikasema huyu akiona, habari itafika ofisini kwamba mdogo wangu hajui mbele na nyuma, kazi yake ya kwanza kubwa, mwanamke pekee katika wakubwa wote wale. Nikachukua penseli sikioni, nikaufuta mshale, nikauchora upya unaelekea barabarani. Kwa safu nzima. Kofia Ngumu akafika, akatazama, akasema, "Fuateni mchoro."

Nilikusitiri. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Mwaka mzima nilitembea kifua mbele nikijua nimekuokoa na aibu, na sikukwambia ili usijisikie vibaya.

Desemba niliitwa kwa Mama Pacha kufunga kitasa. Nilipiga magoti pale mlangoni na bisibisi, saa tisa, na upepo ukanipita shingoni. Nikasimama. Nikatazama ng'ambo, nikaona jua limeukalia mlango wa Mama. Mama Pacha akaniuliza, "Fundi, umesahau nini?" Nikapiga magoti tena nikamalizia kitasa.

Nilijua tangu siku hiyo. Hasira nilizokuandikia Januari zilikuwa zangu mwenyewe, anwani tu ndiyo ilikuwa yako. Lakini zote haziwezi kuwa zangu. Ungekuja siku moja, siku moja tu tukipiga kamba, ningekuuliza na ungenijibu, na leo Mama angekuwa na kidole chake kizima.

Kaka yako


20 Februari

Kaka,

Ungeniuliza kwa simu. Ile unayosema naikata.

Neno nililichagua vibaya. Nilijivunia kuandika kwa lugha ya mafundi, na sikumwuliza fundi hata mmoja kama neno hilo kwake lina maana ileile. Hilo ni langu na nitaliandika kwenye ripoti kwa jina langu.

Lakini ulishika penseli ukanirekebisha kama unafuta makamasi ya mtoto. Hukuwaza hata dakika moja kwamba huenda nimechora nilichokusudia. Waliocheka walikuwa mafundi wako. Ungewaambia "nyamazeni, yeye anajua." Maneno matatu. Badala yake uliona haya kwa niaba yangu, na haya zako zimejenga majiko kumi na manne.

Gari la tarehe tatu sina nafasi, wamempa bwana wa meza ya pili. Kwa hiyo utasimama wewe. Mbele ya wakazi na wakubwa na huyo Kofia Ngumu, utasema mlichonifanyia. Usiposimama, barua yako ya tarehe kumi na tano nitaisoma mwenyewe kwa mkurugenzi.

Mama nimemwandikia kwamba nyumba yake imejengwa kinyume na atoke leo hii. Hajanijibu.

Mdogo wako


5 Machi

Mdogo wangu,

Nilisimama.

Viti walivipanga barazani kwa Mama Pacha na nyumba za jirani, upande wa baridi bila shaka, wakubwa wanajua kuchagua. Sisi wa Jiko tukavuka barabara kwenda kulalamikia joto kwenye upepo. Mzee wa nyumba ya sita akasema mbele ya watu, "Hapa hata malalamiko yanasahaulika." Bwana wako wa meza ya pili alikuwa na michoro yake imeviringishwa kwapani kama mkeka.

Wakazi walisema yao. Kisha nikanyoosha mkono. Nikaeleza mshale, nikaeleza penseli. Kofia Ngumu alitoa kofia, mdogo wangu. Ana upara. Miaka yote hiyo hatukujua. Mkubwa mmoja akauliza, "Kwa hiyo nyumba hizi zote zilizogeuzwa ni uamuzi wako peke yako?" Nikasema ndiyo.

Nikasikia nyuma yangu, "Kaa chini wewe."

Ni Mama. Amekuja na fimbo ya kupimia vitambaa, anaitegemea. Akasema, "Huyu mwanangu amewaambia ukweli nusu. Nusu nyingine ni yangu."

Nikamwambia, "Mama, tulikubaliana." Akasema, "Ulikubaliana wewe."

Akawaambia. Kwamba siku ya kamba alikuja kutazama kiwanja chake. Penseli ilikuwa bado sikioni kwangu, mafundi ndiyo kwanza wanafuta machozi ya kicheko. Akaona kamba ya mlango iko nyuma, inatazama vichaka. Akaniuliza, "Mimi fundi cherehani niipe barabara mgongo? Mteja atanionaje? Nitashonea ukuta?" Nikamwambia mchoro ndivyo unavyosema. Akasema, "Mchoro wa nani? Si wa mdogo wako? Basi rekebisha, na usimwambie, ataumia." Hapo ndipo nilipofuta. Ningegeuza ya Mama peke yake ingekuwa kama mwanafunzi aliyesimama kinyume mstarini, kila mtu angeuliza. Nikageuza safu.

Hilo nilikuficha, na ningelificha mpaka kaburini. Kicheko cha mafundi kilikuwa kweli, ila kicheko nilishakizoea. Mama ndiye sikuweza kumkatalia.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama wa nyumba ya tisa, ambaye mtoto wake amejaa vipele vya joto, akasema taratibu, "Kwa hiyo mwanangu anaungua kwa ajili ya wateja wako." Mama akasema, "Ndiyo, mama." Akashika fimbo yake akavuka barabara, akaingia, akafunga mlango. Ilikuwa saa tisa kasoro.

Uamuzi: awamu ya pili itafuata mchoro wako, neno MBELE litolewe, iandikwe UPEPO na JUA kila karatasi. Masanduku ya meza ya pili yamesifiwa kwamba yangefaa kwa stoo. Nyumba kumi na nne "zitafikiriwa," unaijua lugha hiyo. Mimi nimeambiwa nipumzike, na mwiko nimeuosha.

Nilidhani anakaa mle kwa fahari yako. Anajiadhibu. Niligonga mlango jana na leo. Anajibu kwa mashine, nikisema neno anakanyaga pedali. Mimi nimeshindwa.

Kaka yako


9 Machi

Mama,

Barua ya kaka nimeipata. Nimeikasirikia siku mbili, na bado.

Mlikaa wawili mkanificha kitu kuhusu nyumba niliyoichora mimi ili nisiumie. Ningeumia siku moja. Sasa wameumia watu wa nyumba kumi na nne na watoto wao. Sijui nifanye nini na upendo wa namna hiyo, Mama. Nauogopa.

Lakini swali lako la siku ile limenikaa. "Nitashonea ukuta?" Kwenye kurasa zangu sitini kuna upepo wa kila mwezi, na hakuna cherehani hata moja. Nilijua unashona. Nimesoma kwa cherehani hiyo. Nilichora ukuta wa kukukinga na jua, sikufikiri kwamba jua linapotokea ndipo mkate wako unapotokea.

Mwenye nyumba ya tisa ana haki ya kutokusalimia. Kukaa kwako mle hakumpozi mtoto wake. Toka.

Nimechora upya. Karatasi iko ndani ya bahasha. Mlango na matundu vinahamia nyuma, kwenye upepo. Barabarani unarudi ukuta mnene, ila nimekutobolea dirisha la wateja chini ya upenu mrefu, jua lisilifikie, meza yako ya cherehani ikae palepale, mwanga ukujie kutoka kushoto kama vitabu vinavyoshauri. Ofisi imekubali tuanze na yako, ikifaa zifuate zote kumi na tatu. Kaka wamemrudisha kazini asimamie, mimi nitafuatilia kwa simu. Hama kwake wiki hii mafundi waanze.

Mwanao


14 Machi

Wewe binti,

Mchoro umefika. Nimeukunjua kwenye meza ya kukatia nikauwekea mkasi usiruke, ingawa hapa hakuna upepo wa kuurusha.

Mzuri. Upenu umeukumbuka, wateja umewakumbuka. Dirisha umeniwekea kushoto. Mimi nashonea mkono wa kushoto. Mwanga ukitoka kushoto, mkono wangu unajitilia kivuli, sioni mshono. Sare zako zote za shule nilizishona kwa mkono huo, wewe umekaa sakafuni unanisomea vitabu vyako kwa sauti, na hukuona. Wala sikulaumu, hukuwahi kuulizwa kwenye mtihani.

Nimehama. Leo asubuhi kaka yako kabeba cherehani kichwani, wifi yako kabeba vitambaa, na mimi nilipita nyumba kwa nyumba safu nzima nikaaga. Wanne hawakufungua. Wa nyumba ya tisa alifungua, akanisikiliza, akafunga. Nitapita tena.

Kwa hiyo nyumba ni tupu, na utaingia wewe. Sikukusomesha ili unijengee kwa simu. Ufunguo uko kwa Mama Pacha. Utakaa siku saba. Ikifika saa tisa utakaa kwenye kiti nilichokiacha palepale kilipokuwa, si barazani, si mlangoni, mpaka jua liondoke lenyewe. Watu watakuja kukutukana. Nusu ya matusi ni yangu, nipokelee, usiwajibu kwa kurasa sitini. Waulize kila mmoja kazi yake anaifanyia wapi, anatazama nini akiifanya, na kwa mkono gani. Yule mtoto wa vipele umpakate, uone anavyochemka. Siku ya nane chora, na kaka yako awe amesimama pembeni na mdomo wazi, aseme kila kitu anachokiona kimekaa vibaya, na wewe umjibu.

Nimekuachia ndoo ya maji ya kunywa, nimeifunika. Kufikia saa nane yatakuwa ya moto. Kunywa hivyohivyo.

Mama yako